Pazia Lililokataa Kuondoka

Mteja wa kwanza kulitaja jambo hilo alikuwa mama mmoja aliyekuja kuchukua mapazia ya sebuleni kwake. Huku akiyapanga ndani ya mfuko aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa, iwapo tovuti ya karakana ilikuwa nzima. Bi Mikunjo akamwambia ni nzima. Yule mama akasema basi labda ni simu yake, maana kila akiifungua inamjia nyekundu tupu, kioo kizima, na maandishi ya kumwonya kwamba ndani kuna hatari na heri arudi alikotoka. Naye amekuwa akirudi alikotoka.

Alipoondoka, Bi Mikunjo alivivuka vipande vya kitambaa vilivyotapakaa sakafuni akaenda kwenye kompyuta ya pembeni. Jina lake hasa lilikuwa limesahaulika mtaani. Watu walimwita hivyo kwa sababu ya mikunjo ya mapazia yake, iliyosimama sawasawa kama wanafunzi mstarini. Hata mumewe alimwita Bi Mikunjo, hasa akiwa na shida. Akabonyeza, akasubiri. Kompyuta ilikoroma kidogo kama kawaida yake, kisha kwenye kioo likatokea pazia la rangi ya damu ya mzee, lenye vishada vya dhahabu. Likafunguka lenyewe, nusu kulia, nusu kushoto, taratibu, na nyuma yake zikajitokeza picha za kazi zake. Hapakuwa na wekundu mwingine ila wa pazia. Akamwonea huruma yule mama na simu yake mbovu.

Lakini simu mbovu zikawa nyingi. Mwenye duka la vyombo akasema ameiona nyekundu. Dereva mmoja akasema mkewe amemkataza kabisa kuifungua, asije akaleta mdudu nyumbani. Mwishowe mumewe, fundi wa kuchomelea aliyetengeneza mabomba ya mapazia uani, akafungua kwenye simu yake mwenyewe. Nyekundu. Wakaenda wote wawili kwenye kompyuta. Pazia likafunguka kwa madaha. Wakaiweka simu kando ya kompyuta, wakatazama huku, wakatazama kule. Tovuti ni moja, na vitu viwili vinaisimulia kama majirani wawili wanaosimulia ugomvi mmoja.

"Mmoja wao mwongo," mumewe akasema.

"Nani?"

Hakujua. Naye Bi Mikunjo hakujua, na kutojua kwenyewe kulimkosesha raha, kwa sababu wakati ulikuwa mbaya. Hospitali mpya ya akina mama ilikuwa inatafuta mtu wa kushona mapazia ya wodi zote. Muuguzi mkuu wa hapo alikuwa ameiona tovuti kabla ya mambo haya, akampigia simu, akamwambia kwamba Ijumaa ya wiki inayofuata kamati itakaa na kuzifungua tovuti za mafundi wote kwenye kioo kikubwa cha ukutani, ndipo ichague. Kazi ile ingeiweka karakana hai. Bila hiyo, wateja wa sebule mojamoja wasingetosha kulipa pango, na Bi Mikunjo angerudi kushona suruali za shule kwa shangazi yake, mwanamke ambaye ukikosea mshono mmoja atautaja mpaka msibani. Kila alipofumba macho aliuona ukuta wa hospitali umegeuka mwekundu, na kamati nzima inageuza nyuso.

Wakamtafuta fundi wa tovuti. Akaja bwana mmoja mnene, mpole, mwenye begi dogo lisilolingana naye. Kabla hajafika kwenye kiti vumbi la vitambaa lilimwingia puani akapiga chafya, akaomba radhi, akapiga nyingine. Mume wa Bi Mikunjo akampa jina la Fundi Chafya papo hapo, naye akalikubali bila kinyongo.

Alisikiliza yote, akaitazama kompyuta, akacheka kidogo. Akawaeleza kwamba mwongo ni kompyuta, ingawa haikukusudia. Ni kongwe. Ni kama mlinzi mzee anayesinzia getini, mwizi wa siku hizi hamjui kwa sura. Simu ni mlinzi kijana, anawajua. Na ule wekundu hauwekwi na mwizi. Makampuni makubwa ya kutafutia vitu mtandaoni hupita yakikagua tovuti, na yakikuta moja inawaambukiza wageni, yanaiwekea onyo mlangoni.

"Kwa hiyo tumewekewa sisi alama kama nyumba yenye ndui," akasema Bi Mikunjo.

"Ndiyo, dada. Ila huyu mgonjwa anapona."

Mumewe akajikohoza, akasema kuna kitufe cha kuomba wakague upya, naye amekuwa akikibonyeza. Fundi Chafya akauliza amekibonyeza mara ngapi. Mume akatazama dari. Alikuwa amekibonyeza asubuhi, mchana na jioni, kama dozi. Fundi akamwambia kwa upole kwamba ukiwaita wakaguzi kabla hujafagia, wanakuta takataka zilezile, wanakuchoka, na safari nyingine wanakuweka mwisho wa foleni.

"Nilidhani wanaombwa kwa bidii," mume akasema.

Upande wa pili wa chumba, nyuma ya pazia la kuonyeshea wateja, palikuwa na godoro. Hapo ndipo alipojipumzisha baba mkwe wa Bi Mikunjo, aliyekuwa fundi wa saa mpaka macho yalipomgomea. Mzee huyo alikuja karakanani kila siku, akanywa chai, akaitazama kompyuta, akalala, akaamka, akaitazama tena. Simu hakuwa nayo, wala hakuitaka. Alisema kitu kinachokuita popote ulipo ni msimamizi wa kazi, na yeye amestaafu. Siku hiyo alitoka nyuma ya pazia, akamwamkia mgeni, akavuta kiti, akakaa nyuma ya bega lake kama alivyokuwa akikaa nyuma ya vijana wake wa kazi enzi za saa. Aliangalia mikono ya fundi.

Fundi Chafya akafanya kazi mpaka alasiri. Akafuta, akabadilisha, akapiga chafya, akaomba ukaguzi. Kesho yake simu ya mume ikafunguka bila wekundu. Bi Mikunjo akampigia muuguzi mkuu kumwambia kwamba tovuti iko tayari, na siku ile akakata kitambaa huku anaimba.

Keshokutwa yake ikawa nyekundu.

Fundi akarudi, uso umemshuka. Akasafisha tena, akakagua kila pembe, akabadilisha na neno la siri la kuingilia. Likawekwa jipya, refu, ambalo hakuna aliyeweza kulikariri, kwa hiyo mume akaiambia kompyuta ilikumbuke. Onyo likaondoka. Lilipoondoka Bi Mikunjo hakuimba. Alikuwa anangoja, kama mtu aliyesikia hatua za mgeni mlangoni lakini hodi haijapigwa. Na kweli, Jumatatu simu ya mumewe ikamjia nyekundu, na Ijumaa ilikuwa wiki hiyohiyo.

Hapo akili zikaanza kuwaruka. Bi Mikunjo akamwambia mumewe, chini chini, kwamba kuna waganga wanaorudisha ugonjwa ili waitwe tena. Mbona Fundi Chafya akiondoka tu, mdudu anarudi? Mumewe akasema haiwezekani, mtu mwenye chafya za kweli vile hawezi kuwa mwongo. Bi Mikunjo akauliza tangu lini chafya ikawa kiapo. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Kisha fundi mwenyewe akaja akaleta neno lililowavuruga zaidi. Alikuwa ameangalia kumbukumbu za tovuti. Hakuna mwizi aliyevunja dirisha. Mtu ameingia kwa mlango wa mbele, kwa ufunguo, tena kutoka kwenye kompyuta hii hii, humu humu ndani.

Bi Mikunjo akamtazama mumewe. Mumewe akamtazama yeye. Ndoa yao ilikuwa ya miaka mingi, haijawahi kutiliwa shaka hata kwa mambo mazito, na sasa inatikiswa na tovuti.

"Usinitazame hivyo," mume akasema. "Mimi hata kuizima hiyo kompyuta huwa unanikataza."

"Na mimi mchana kutwa niko kwenye cherehani."

"Basi ni nani? Jini?"

Fundi Chafya akasema majini hawana haja ya neno la siri. Akainama akaanza kusafisha kwa mara ya tatu. Bi Mikunjo akasimama nyuma yake akiangalia tu, mkasi ameuacha mezani. Fundi alipomaliza akafungua tovuti ili waione. Zikaja picha moja kwa moja.

Kitu kikamkwama Bi Mikunjo. Hakujua ni nini. Ilikuwa kama kuingia nyumba ya rafiki ukakuta pameondolewa kitu, unahisi upepo kabla hujajua ni mlango gani. Akamwomba fundi afunge, afungue tena. Picha zikaja.

"Pazia liko wapi?" akauliza.

"Nimelitoa, dada. Kila safari nalitoa. Mdudu mwenyewe anakaa ndani ya lile pazia."

Bi Mikunjo akaketi. Jioni ya Jumapili alikuwa amefungua kompyuta, na pazia lilikuwepo. Alikumbuka vizuri kwa sababu alikuwa amejisemea kimoyomoyo kwamba vishada vile ameviwekea uzi wa rangi hafifu mno, kisha akajicheka, maana hakuvishona yeye. Basi fundi analitoa pazia, na mtu analirudisha. Si mwizi, si jini, si mganga. Ni mtu anayelipenda.

Akageuza kichwa kulitazama pazia la maonyesho. Nyuma yake mzee alikuwa amelala, au alikuwa kimya.

Yeye ndiye aliyelitaka pazia lile siku tovuti ilipojengwa. Alisema duka la mapazia lisilo na pazia mlangoni ni kama fundi saa anayeuliza watu saa ngapi. Mwanawe akamtafutia la bure mahali fulani mtandaoni, na tangu siku hiyo mzee alilifungua kila mchana, akaangalia linavyogawanyika, akalifunga, akalifungua tena, kama alivyokuwa akitikisa saa iliyopona na kuiweka sikioni.

Bi Mikunjo akamvuta mumewe uani, kwenye harufu ya chuma, akamwambia. Mume akaweka miwani yake ya kuchomelea usoni, ingawa hakuwa anachomelea.

"Mwambie wewe," akasema.

"Mimi? Mimi mkwe. Nikamwambie baba mkwe kwamba yeye ndiye mdudu?"

"Mimi mwanawe. Nilipovunja saa ya mteja nikiwa mdogo hakunipiga, alininyamazia mwezi mzima. Sasa nimwambie amevunja tovuti?"

Wakasimama pale, watu wazima wawili, kila mmoja anamsukuma mwenzake kwa macho. Ijumaa haikuwa inasubiri heshima za mtu. Mwishowe Bi Mikunjo akaona njia, njia ya wake wa nyumba zote: neno usiloweza kumwambia mtu, liambie ukuta aliouegemea.

Akarudi ndani, akakaa karibu na pazia la maonyesho, akamwita Fundi Chafya amweleze tena, polepole, yeye hana elimu, hajaelewa. Fundi akashangaa kidogo, maana alikuwa ameshaeleza. Bi Mikunjo akamkonyeza kuelekea kwenye pazia. Fundi akaelewa nusu, akaanza. Akasema pazia lile lilipowekwa lilikuwa zuri. Halafu, siku za karibuni, lazima liliandika kwenye kioo kwamba limechakaa na mtu abonyeze lipate kufanywa upya. Mtu mwema akabonyeza. Lililokuja si pazia tena, ni mdudu aliyevaa pazia.

"Na huyo aliyebonyeza," Bi Mikunjo akauliza kwa sauti ya kufika mbali, "ana kosa?"

"Hana. Wezi wanatengeneza hivyo makusudi, wawanase waangalifu. Mzembe asingesoma kilichoandikwa."

"Na mtu akilirudisha kwa sababu hajui?"

"Hana kosa pia, dada. Ila Ijumaa tutaaibika."

Bi Mikunjo akasema, kama anayejisemea, kwamba ikiwa nyekundu Ijumaa yeye atarudi kwa shangazi yake, kwenye suruali, na hataweza kumchemshia mtu chai mchana, kwa sababu kwa shangazi hata maji hunywewa kwa ruhusa. Sauti yake ikakatika hapo. Hilo hakuwa amelipanga.

Nyuma ya pazia godoro likalia. Kisha pazia likasogezwa upande mmoja na mzee akatoka, ameshika kikopo cha bati alichokuwa akiwekea skrubu za saa. Akakiweka mezani mbele ya fundi, akakifungua. Ndani, juu ya pamba, kulikuwa na flashi.

"Nilijua umeiba," akamwambia fundi.

Fundi Chafya akafungua mdomo, chafya ikamtoka.

Mzee akaketi, akaeleza bila haraka. Katika kazi ya saa, fundi mwaminifu anarudisha saa na vyuma vyake vyote. Fundi mwizi anakufungulia saa, anatoa kile chuma kizuri, anakuachia inayotembea hivyo hivyo, nawe hujui. Amewaona wengi. Sasa akakaa nyuma ya bega la huyu bwana, akaona kompyuta inaingia nzima na inatoka bila pazia. Akasema, haya, kumbe hata huku wapo. Lakini kumwita mgeni wa mwanawe mwizi, tena aliyekunywa chai ya nyumba hii, hakuona vyema. Na kumtia mkwewe aibu kwa fundi wake, hilo pia hakuona vyema. Kwa bahati alikuwa na nakala ya akiba, aliyoichukua siku alipobonyeza pazia lifanywe upya, maana hajawahi kukaa na mashine bila akiba. Kwa hiyo kila chuma kilipotolewa, alikirudisha. Kimya kimya. Watu wakidhani amelala.

"Mara zote tatu?" mwanawe akauliza kutoka mlangoni, miwani ingali usoni.

"Mara zote mbili. Ya tatu nilikuwa nangoja aondoke."

Hakuna aliyecheka kwanza. Halafu Fundi Chafya akaanza, mabega yakitikisika, na mzee akamtazama kwa mashaka, kama bado hajafunga kesi. Akamuuliza kama kweli simu zinaonyesha nyekundu. Mwanawe akampa simu. Mzee akaishika kwa vidole viwili, akasoma onyo lote mpaka mwisho, midomo ikitembea. Kisha akamrudishia mwanawe simu, na flashi akaisukuma kwa kidole mpaka kwa fundi.

"Ichukue," akasema. "Lakini lilikuwa pazia zuri."

Fundi akaomba ukaguzi jioni ile. Akawaambia wazi kwamba kwa vile wameshaitwa mara nyingi bure, huenda wakaguzi wakachelewa, na wao hawapigiwi simu wala hawabembelezwi. Jumatano ikapita nyekundu. Alhamisi, nyekundu. Mume akakatazwa kukaribia kitufe. Bi Mikunjo akashona foronya ambazo hakuna aliyeziagiza, na mzee hakuigusa kompyuta. Walikaa wamepeana migongo, yeye na kompyuta, kama watu waliokosana.

Ijumaa asubuhi simu ya mume ikafunguka nyeupe, picha moja kwa moja. Wakaifunga, wakaifungua. Nyeupe. Bi Mikunjo hakuthubutu kufurahi. Mambo ambayo ameyaona kwa macho yake wiki hizi yalishamdanganya vya kutosha.

Muuguzi mkuu akapiga simu mchana. Akasema kamati imezitazama tovuti zote, picha zao zimewapendeza, na Jumatatu watu watatu watakuja kushika vitambaa kwa mikono na kupima uzito. Bi Mikunjo akajibu ndiyo, karibuni, ndiyo. Kisha muuguzi mkuu akauliza jambo moja. Zamani alipoifungua tovuti kulikuwa na pazia linalofunguka lenyewe. Ndilo lililomfanya apige simu ile ya kwanza, na leo aliwaahidi wajumbe wataliona, wakangoja, halikutokea. Limekwenda wapi?

Bi Mikunjo akaitoa simu sikioni, akaitazama, kama vile yenyewe ndiyo iliyouliza. Kitu kilichotaka kumfunga ndicho kilichomfungulia, na kilipotolewa ili aokoke, wanakiulizia. Akajaribu kulipanga kichwani, lipi mbele lipi nyuma, likakataa kukaa sawa. Akasema liko kwa fundi.

Alipogeuka, mzee alikuwa ameketi wima. Alikuwa amesikia kila neno. Hakusema "niliwaambia," ila alikunywa chai yake kama mtu aliyeshasema.

Alasiri hiyo Fundi Chafya aliitwa mara ya mwisho. Akasema dawa ni rahisi, wasichukue tena pazia la mtu wasiyemjua. Watengeneze lao. Bi Mikunjo akatoa kitambaa cha rangi ya damu ya mzee, akakishona kabla jua halijaondoka dirishani, safari hii vishada akaviwekea uzi uliokoza. Mumewe akalitundika kwenye bomba jipya, akasimama mbele yake na simu kupiga picha ya video. Mzee akapewa kamba. Hakuna aliyejadili nani aivute.

Akavuta polepole, kwa mkono wa mtu aliyezoea vitu vidogo, na pazia likagawanyika nusu kulia, nusu kushoto, kwa madaha yaleyale. Lilipofika katikati, fundi akapiga chafya.

"Rudia," mzee akasema, akalifunga, akaishika kamba upya.